Kifungo cha Nje kwa Makosa ya Dawa za Kulevya: Je, Mtu Huacha Kurudia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapata kwa wazazi, wake na ndugu za watu walioshtakiwa kwa makosa ya mihadarati na pombe haramu. Wengi ni wakazi wa Rhonda, Kaptembwa, Bondeni na Free Area hapa Nakuru. Wengine hunipigia simu kutoka Kisumu na Kakamega. Mimi si wakili. Ni mfanyakazi wa jamii ambaye amekaa na familia hizi kwa miaka mingi, na binamu yangu mwenyewe amewekwa chini ya probesheni, yaani uangalizi wa afisa badala ya jela, mara mbili.

Niambie moja kwa moja: kifungo cha nje humfanya mtu aache kurudia makosa?

Inategemea anapewa nini ndani ya muda huo. Kama ni kwenda kuripoti, kutia sahihi kitabuni na kurudi nyumbani, usitarajie mabadiliko. Hata ukimwita mara nne kwa mwezi badala ya mara moja, hali ni ile ile. Lakini uangalizi ukienda sambamba na matibabu ya uraibu, na afisa anayejua kuzungumza na mtu, watu wanaorudi kortini hupungua. Haya yamepimwa, na nitaeleza hapa chini yalivyopimwa.

Probesheni na CSO si kitu kimoja?

Hapana, ingawa watu wengi huziita zote mbili kifungo cha nje.

Probesheni inatokana na Sheria ya Probesheni, Sura ya 64. Korti humweka mtu chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Hakimu akiridhika kwamba kosa limethibitika, anaweza kutoa amri hiyo bila hata kumtia mtu hatiani rasmi. Kabla ya hapo ni lazima amweleze mshtakiwa masharti kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa mwenyewe akubali. Nawasihi mzingatie hapo. Nimeona vijana wakitikisa kichwa kwa kila neno ili tu watoke kizimbani, kisha baada ya wiki tatu wanashangaa kuambiwa wamevunja masharti. Kama mtu wako anaelewa Kiluo au Kikalenjin zaidi ya Kiingereza, aombe mkalimani. Si aibu.

CSO ni kazi ya kijamii isiyo na malipo, chini ya sheria ya mwaka 1998: kufagia zahanati, kuzibua mitaro, kukata nyasi shuleni au kwenye ofisi ya chifu. Hutolewa kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au yale makubwa zaidi ambayo korti inaona miaka 3 au pungufu inatosha. Ni adhabu nzuri kwa mtu aliyekosea akiwa na akili zake. Kwa mraibu naiona haitoshi. Ufagio hautibu uraibu, na mtu anayetetemeka saa mbili asubuhi kwa kukosa pombe hatamaliza hata kufagia uwanja.

Mwanangu alishikwa na misokoto miwili ya bangi. Anaweza kupata kifungo cha nje?

Anaweza, mama. Lakini kwanza jua kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka, kwa sababu kuna maneno mawili yenye uzito tofauti kabisa: kupatikana na dawa, na ulanguzi. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 ilirekebishwa mwaka 2022. Tangu wakati huo, mtu anayeiridhisha korti kwamba bangi ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Zamani kifungo hicho kilifika miaka 10. Ulanguzi ni habari nyingine, na adhabu zake ni kali mno. Tena kisheria neno hilo halimaanishi kuuza peke yake: kubeba, kuweka na kupeleka pia vimo.

Kama mwanao hajafika miaka 18, kesi yake inafuata Sheria ya Watoto ya 2022. Hapo kuna nafasi ya kumwondoa mtoto kwenye njia ya korti mapema kabisa. Liulize jambo hilo siku ya kwanza, usingoje hadi siku ya hukumu.

Huo ushahidi unatoka wapi?

Mwingi ni wa Marekani, kwa sababu huko walifanya jambo ambalo ni gumu kufanya: waligawa watu kwa bahati nasibu, wengine uangalizi wa kawaida, wengine uangalizi mkali, kisha wakawafuatilia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, taasisi ya utafiti ya RAND ilipima uangalizi mkali katika maeneo 14 ya Marekani. Matokeo yalitolewa mwaka 1993 na Joan Petersilia na Susan Turner. Maeneo saba kati ya hayo yalishughulika na watu wa makosa ya dawa za kulevya. Maafisa walipewa watu wachache, wakawatembelea nyumbani, wakapima mkojo, wakapiga simu usiku. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa chini ya uangalizi mkali waliokamatwa tena walikuwa asilimia 37, na wale wa uangalizi wa kawaida asilimia 33. Kwa hesabu za watafiti, hiyo si tofauti. Ukali haukupunguza chochote.

Kilichobadilika ni idadi ya waliovunja masharti. Asilimia 65 ya walioangaliwa kwa ukali walikutwa wamevunja sharti fulani, ikilinganishwa na asilimia 38 ya wenzao. Ukimulika tochi kila kona utaona kila kitu. Kwa hiyo mpango uliobuniwa kupunguza msongamano jela ukaishia kupeleka watu zaidi jela, kwa kukosa kuripoti au kwa mkojo mchafu.

Ndani ya takwimu hizo hizo kulikuwa na habari njema: wale waliopata matibabu, ajira na ushauri walikamatwa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Mwaka 2006 taasisi ya sera ya jimbo la Washington ilikusanya tafiti nyingi za namna hii na kuzigawa mafungu mawili. Uangalizi mkali wa kuchunga tu ulipunguza kurudia makosa kwa asilimia 0. Uangalizi mkali wenye matibabu ulipunguza kwa takriban asilimia 17. Mzazi akiniuliza swali hili barabarani na nina dakika moja tu, humtajia namba hizo mbili.

Si afadhali jela? Akilala chini kwa miezi sita atashika adabu.

Naelewa uchungu wa mzazi anayesema hivi. Huenda kijana ameuza sufuria zote za nyumba. Lakini jela haijaonyesha kwamba inafunza hiyo adabu. Mwaka 2021 watafiti wanne, Petrich, Pratt, Jonson na Cullen, walichapisha muhtasari wa tafiti 116 zilizolinganisha kumfunga mtu na kumwachia nje. Waliofungwa hawakurudia makosa kwa kiwango cha chini. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa ndogo na ya upande mbaya: walirudia zaidi kidogo.

Fikiria mwenyewe kinachotokea. Kijana wa misokoto miwili anaingia gereza la Nakuru GK au la Kodiaga, Kisumu, analala na watu wa kesi nzito, anapoteza kibarua chake, na nyumba ya kupanga inafungwa kwa kodi. Siku ya kutoka, wa kwanza kumpokea stendi ni nani? Mara nyingi ni wale wale aliokuwa akivuta nao.

Kupima mkojo mara kwa mara hakusaidii?

Swali hili lina historia ya kufurahisha na ya kuvunja moyo. Mwaka 2004 huko Hawaii, jaji Steven Alm alianzisha mpango ulioitwa HOPE. Mtu alipimwa mara kwa mara, siku asizozijua mapema, na akikutwa na dawa alifungwa papo hapo kwa siku chache tu. Hakuna vitisho vya muda mrefu: adhabu fupi, ya hakika, ya haraka. Tathmini ya mwaka 2009 ilishangaza wengi. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 21 ya watu wa HOPE walikamatwa tena, dhidi ya asilimia 47 ya wenzao.

Kila mtu akataka HOPE yake. Serikali ya Marekani ikaujaribu mpango huo katika maeneo mengine manne, Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, kwa watu zaidi ya 1,500. Matokeo yakatoka mwaka 2016: kwa ujumla, hakuna tofauti. Mimi hulitaja jambo hili kwa kila anayekuja na wazo jipya linalong'aa. Kilichofanya kazi mahali pamoja, chini ya jaji mmoja aliyewajua watu wake kwa majina, hakihami chenyewe kwa kunakili masharti.

Kwa pombe hali ni tofauti kidogo. South Dakota walianza mwaka 2005 kuwapima pumzi mara mbili kwa siku watu wenye makosa ya ulevi, asubuhi na jioni. Katika kaunti zilizofanya hivyo, kukamatwa tena kwa kuendesha gari mlevi kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa vurugu za nyumbani kwa asilimia 9. Nadhani ni kwa sababu sharti lilikuwa moja tu, wazi, na la kila siku.

Na korti maalum za mihadarati?

Ya kwanza ilifunguliwa Miami mwaka 1989. Hakimu mmoja anamfuata mtu kwa miezi mingi, anaongea naye ana kwa ana, matibabu yakiwa sehemu ya amri. Muhtasari wa mwaka 2012 uliochambua tathmini 154 uliona kwamba pale ambapo asilimia 50 wangerudia makosa, korti hizi zilishusha hadi asilimia 38 hivi. Ni punguzo zuri. Hata bila jengo jipya, hakimu wetu anaweza kuiga sehemu yake moja: kumwita mtu arudi mbele yake baada ya miezi mitatu, amuulize anaendeleaje, na amsifu akiwa ameendelea vizuri.

Kwetu magharibi tatizo ni chang'aa, si unga wa heroini. Haya yote yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko mtu yeyote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba eneo la Magharibi linaongoza nchini kwa matumizi ya pombe: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65. Pwani inafuata kwa mbali, asilimia 13.9. Tunapozungumza juu ya makosa ya dawa za kulevya huku, kwanza kabisa tunazungumza juu ya chupa na kibuyu.

Hapa kuna hatari ambayo familia nyingi haziijui. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla kwa sababu korti imemwamuru, anaweza kufa. Si kwamba anadeka. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa hutetemeka, hutoa jasho, na ndani ya siku mbili tatu mtu anaweza kupata kifafa au kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali aache pombe akiwa mikononi mwa daktari, anayeweza kumpa dawa za kutuliza hali hiyo. Ukiona dalili hizo usimfungie chumbani na uji. Mtafutie gari.

Kisha kuna mama mpishi wa chang'aa. Mitaa ya Nyalenda na Obunga kule Kisumu, vijiji vya Kakamega na Busia, na hapa kwetu pia, anayeshikwa na mtungi mara nyingi hanywi kabisa. Ni mjane au mwanamke aliyeachwa, na chang'aa ndiyo karo ya shule. Kumpeleka kwa mshauri wa uraibu ni kumpotezea muda. Yeye hatarudia kosa kama atapata kazi nyingine inayolipa kila wiki: mtaji wa kuuza omena, cherehani, kikundi cha akiba. Afisa akijua kutofautisha mpishi na mnywaji, nusu ya kazi imefanyika. Asipojua, wote wawili watarudi kortini.

Na wale wa heroini?

Kwa hao kuna methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Pwani, na Kisumu nayo ina kliniki katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Mgonjwa hufika kila siku na kunywa dawa mbele ya mhudumu. Tafiti nyingi za dunia zimeonyesha kwamba methadoni huwaweka watu kwenye matibabu na kupunguza heroini wanayotumia. Ila masharti ya korti yasigongane na kliniki. Ukimwamuru mtu aripoti saa mbili asubuhi upande huu wa mji, na dawa yake inatolewa saa hiyo hiyo upande ule, umemlazimisha achague ni sharti gani alivunje. Familia iliseme jambo hilo kabla amri haijaandikwa.

Afisa wetu ana watu wengi mno. Atamsaidiaje huyu wangu?

Hapa niruhusu nisimulie. Mara ya kwanza binamu yangu alipowekwa chini ya probesheni, alikaa foleni kila mwezi, akaulizwa kama bado anaishi pale pale, akatia sahihi. Dakika tatu. Alikuwa akinywa asubuhi ya siku ya kuripoti, na akatafuna tangawizi njiani. Alikamatwa tena kabla mwaka haujaisha. Mara ya pili alipata afisa mwingine, mwenye watu wengi vile vile. Huyu alimuuliza: ni siku gani ya wiki unakunywa zaidi? Ijumaa, siku ya kulipwa kibarua. Unapita wapi ukitoka kazini? Wakapanga pesa ziingie kwenye simu ya dada yake, na apite njia ya juu badala ya ile ya nyuma ya soko. Mazungumzo ya dakika ishirini. Sisemi hayo ndiyo yaliyomponya, maana alienda pia hospitali. Lakini alikuwa akisubiri siku ya kuripoti badala ya kuiogopa.

Kwa hiyo sikushangaa niliposoma utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2011 na James Bonta na wenzake. Waliwafundisha maafisa namna ya kutumia muda wa kikao kuzungumzia fikra na mazoea yanayomrudisha mtu kwenye kosa, badala ya kukagua masharti tu. Baada ya miaka miwili, watu wa maafisa waliofundishwa waliotiwa hatiani tena walikuwa asilimia 25. Kwa maafisa wasiofundishwa, ilikuwa asilimia 40.

Kuhusu wingi wa watu, Philadelphia walijaribu jambo la kijasiri. Walichukua watu 1,559 wasio hatari na kuwagawa kwa bahati nasibu. Nusu wakawekewa uangalizi hafifu, afisa mmoja kwa watu karibu 400. Uhalifu haukuongezeka. Maana yake ni kwamba kijana wa msokoto mmoja, mwenye kazi na familia, hahitaji kuitwa ofisini kila wiki. Muda huo apewe yule ambaye hali yake ni mbaya. Huku kwetu wapo pia maafisa wa probesheni wa kujitolea, watu wa mtaani wanaosaidia kufuatilia. Kama yupo mtaani kwenu, mfahamu.

Akiteleza akatumia tena, amerudia kosa?

Kwa sheria, sharti limevunjwa kama lilimkataza kutumia, na korti inaweza kumwita. Kwa ugonjwa, kuteleza ni jambo la kawaida katika safari ya kuacha, na wengi wanaoacha kabisa huwa wameteleza zaidi ya mara moja. Ushauri wangu: asijifiche. Anayekosa kuripoti kwa sababu alikunywa jana anageuza kosa moja kuwa mawili. Aende amwambie afisa mwenyewe, pamoja na mpango wake. Afisa anayeambiwa ana nafasi ya kubadilisha matibabu. Anayegundua kwa kupigiwa simu na mzee wa Nyumba Kumi hana nafasi hiyo.

Majirani hawamtaki arudi. Tufanyeje?

Waendeeni kabla hajarudi, msingoje waje kwenu. Kama aliiba kuku au mtungi wa gesi wa mtu, lipeni au mpange jinsi ya kulipa, na yeye mwenyewe awepo aombe msamaha. Afisa wa probesheni anapomwandikia hakimu ripoti kabla ya hukumu huuliza chifu na majirani; kauli zao huingia humo na hakimu huzisoma.

Ripoti inapoandikwa, tuseme nini?

Semeni ukweli wote. Familia nyingi huficha uraibu zikidhani zinamsaidia: "Ni kijana mzuri, anaenda kanisani." Kisha korti inatoa CSO ya kufagia, matibabu hayatajwi, na baada ya miezi mitano tuko pale pale. Mwambieni afisa anatumia nini, tangu lini, amewahi kujaribu kuacha wapi, na nini kilimrudisha. Mwambieni pia nani atakaa naye, na kama kuna kazi ya kufanya, hata ya kuchunga ng'ombe Molo. Leteni karatasi za hospitali kama zipo. Kama ni msichana na nyumbani si salama, muulizeni afisa kuhusu hosteli ya probesheni ya wasichana iliyoko hapa Nakuru.

Siku ya kwanza ofisini, nimuulize afisa nini?

Muulize matibabu yatafanyika wapi na nani atalipa, kwa sababu kituo cha kibinafsi kinaweza kumeza akiba yote ya nyumba na hospitali ya umma ikawepo. Muulize kikao kitachukua muda gani. Muulize ni sharti gani likivunjwa linampeleka mtu wako moja kwa moja kortini, na lipi mnaweza kulizungumza kwanza. Omba nambari ya simu ya ofisi, uiandike ukutani. Na kama ni usiku na mambo yamekuchacha, NACADA wana nambari ya bure, 1192. Anayepokea ni mshauri, si polisi.